Kinywa Kisafi

Kila panapokuwa na harusi kwenye ukoo wa mume wangu, wifi yangu mkubwa hunitaja kama mfano. Husubiri mwali akalishwe kwenye mkeka katikati ya wanawake, wosia uanze, kisha ananinyooshea kidole nilipoketi na kusema: "Mnamwona huyu? Kaka yangu alipokuwa mahututi, huyu alimsafisha kinywa kwa mikono yake siku kumi na moja, mpaka manesi wakashangaa. Mke ndiye huyo." Wanawake hupiga vigelegele. Mimi huinamisha kichwa, nao hudhani ni unyenyekevu.

Huu ni mwaka wa tatu nainamisha kichwa na shingo imechoka. Nataka kuandika kilichokuwa ndani ya kinywa hicho, kwa sababu nilichokuwa nakisafisha ndicho kilichokuja kumuua mume wangu, na mimi ndiye niliyehakikisha kwamba hakuna daktari aliyekiona.

Mume wangu alikuwa dalali wa mahindi kwenye soko la Kibaigwa. Sisi ni Warangi wa Kondoa, lakini tulihamia Dodoma mjini tungali vijana, tukajenga Area D, nami nikafundisha Kiswahili shule ya msingi mpaka nikastaafu. Msimu wa mahindi alikuwa akilala Kibaigwa siku nne au tano za wiki, maana malori hayamsubiri dalali aamke. Alirudi nyumbani amejaa vumbi la magunia, mkono mmoja umeshika mgongo, na vidonge vya maumivu akivitafuna kama karanga. Nikimgombeza ananiambia, "Mama, huu mgongo ndio unaotulisha, uache umeze dawa zake."

Nilimgombeza kwa ajili ya vidonge, lakini hasira yangu hasa ilikuwa na Kibaigwa. Kule kuna nyumba za wageni, kuna mama lishe wanaojua kucheka na wateja, kuna madereva wa kila barabara. Sikuwa na ushahidi wowote juu ya mume wangu. Nilikuwa na Kibaigwa tu, na wivu haujawahi kumdai mtu ushahidi.

Vidonge vile ndivyo vilivyomtoboa tumbo. Alianguka sokoni asubuhi, wenzake wakampakia kwenye gari la mzigo mpaka Dodoma, na jioni alikuwa ameshapasuliwa. Daktari alinieleza kwamba kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka, uchafu wa tumboni umemwagika kila mahali, wameusafisha na kushona, lakini atakaa wodi ya mahututi kwa mashine mpaka apate nguvu. Nilimkuta ana mipira puani, kooni, tumboni, na mwingine mwembamba umeingia shingoni. Huo wa shingoni ndio uliopitisha karibu kila kitu: maji, chakula, na dawa kali za kuua bakteria, chupa baada ya chupa.

Siku ya pili wifi akaja kutoka Kondoa. Alisimama miguuni pa kitanda akazihesabu zile chupa kwa macho, akaridhika. "Wanamtibu kweli," akasema. Kwetu dawa ikiwa kali mgonjwa anaonekana ameheshimiwa. Hata mimi niliridhika, nikamshukuru Mungu kwa kila chupa mpya iliyotundikwa.

Siku ya nne wakamtoa mashine, wakamvisha kifuniko cha hewa. Sauti ilikuwa imekauka na nguvu hana, lakini alinitambua, akanibana kidole. Nililia mbele ya watu, mimi niliyewahi kuwachapa watoto kwa kulia darasani.

Nesi wa mchana alikuwa binti mdogo, mpole, mwenye wagonjwa sita na mikono miwili. Akaniita pembeni. "Shikamoo mama. Mama, mgonjwa wetu anatakiwa asafishwe kinywa kila siku. Naweza kukuonyesha ukanisaidia?" Nikamwambia, "Marahaba mwanangu, niachie mimi." Akanionyesha: maji yenye chumvi kidogo, kitambaa laini kimezungushwa kidoleni, ufizi, mashavu kwa ndani, ulimi. Mimi nikachana kipande cha kanga yangu kuukuu, nikakichemsha nyumbani, nikaja nacho kila siku. Yeye alibaki na kazi ya kuuliza, "Kinywa kikoje leo, mama?" nami nikijibu, "Kisafi," naye anaandika kwenye karatasi ya mgonjwa. Simlaumu. Ningekuwa na wagonjwa sita ningemwachia hata mwendawazimu.

Siku ya saba nilipomfungua kinywa nikaona weupe. Ulikuwa umetanda ulimini na mashavuni kwa ndani, madoamadoa kama maziwa yaliyoganda, na nilipougusa kwa kitambaa haukutoka kirahisi. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa kando ya kitanda. Nilikuwa nimeshauona weupe ule mara moja maishani mwangu, na mara moja ilitosha.

Mdogo wangu wa kike alikufa nyumbani kwetu Kondoa, miaka ile ambayo dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado ni habari za watu wa mbali. Wanawake walikuwa wanakuja kumjulia hali, jambo zuri, la dini kabisa. Lakini walikuwa na namna yao ya kusalimia. Wanasema "Assalamu alaikum," mgonjwa anajikongoja anaitikia, kisha mmoja anarudia salamu ile ile kana kwamba hakusikia jibu, na anainama. Anayeitikia salamu hawezi kuuficha ulimi. Wakishaona weupe wanasoma dua, wanafunga mitandio, wanaondoka, na kabla ya alasiri mtaa mzima umeshajua mdogo wangu anakufa kwa nini. Mama yangu aliishi miaka tisa baada ya hapo na sidhani kama alikwenda sokoni mara tatu.

Basi nikiwa pale wodini sikufikiria kumwita daktari. Nawaambia ukweli, wazo hilo halikunijia hata kidogo. Nilifikiria wifi, aliyekuwa anarudi kesho yake na wanawake wengine kutoka Kondoa. Nikafikiria na Kibaigwa. Yale yote niliyokuwa nimeyakisia miaka ishirini, nikiyatafuta mifukoni mwa suruali zake na kwenye simu yake, nikayaona yameandikwa kwenye ulimi wake kwa chaki.

Nikazungusha kitambaa kidoleni nikaanza kuufuta. Ulikuwa unatoka kwa kukwanguliwa, na chini yake inabaki nyama nyekundu inayochuruzika damu kidogo. Mume wangu aligeuza uso, machozi yakamtoka. "Vumilia, mzee wangu," nikamwambia kwa sauti ambayo nesi angeisikia. Moyoni nilikuwa namwambia maneno mengine. Nilimsugua kuliko ilivyohitajika, na kwa nguvu ambayo sikuihitaji. Nilikuwa nasugua Kibaigwa.

Kesho yake wifi akaja. Nilikuwa nimeshamaliza kumfuta nusu saa kabla. Wanawake waliingia wawili wawili, wamevalishwa makoti ya hospitali, na wifi akakaribia kichwani. "Assalamu alaikum, kaka." Akaitikia kwa shida. Wifi akainama. "Assalamu alaikum." Mimi nilikuwa upande wa pili wa kitanda nimeshika chuma chake, nikimwangalia anavyoangalia. Mume wangu akaitikia tena. Wifi akainuka, akaanza kunisimulia kwa Kirangi habari za mvua na ng'ombe, na mimi nikajiona nimeshinda.

Kinachonikera zaidi ni kwamba nilikuwa najua. Tulikuwa na kipande cha shamba la zabibu Makutupora, na kwenye zabibu huo weupe nilikuwa naufahamu vizuri, unga mweupe juu ya jani. Mwaka wa kwanza nilianza kuufuta kwa kitambaa, jani kwa jani, mume wangu akanicheka mpaka akakaa chini. "Mama, ukungu haufutwi. Huo unaouona ni salamu tu. Unapigwa salfa leo leo, kesho umeshaingia kwenye vichala." Tukapiga salfa siku hiyo hiyo. Jani la mzabibu nililiitia dawa, na ulimi wa mume wangu nikaukwangua.

Siku ya tisa homa ikarudi. Madaktari wakashangaa, maana mshono wa tumbo ulikuwa unapona na mapafu hayakuwa mabaya. Wakampima malaria, hakuna. Wakabadilisha dawa za bakteria, wakaleta kali zaidi, na kesho yake wakachukua damu kupeleka maabara kuoteshwa. Yeye alikuwa anatetemeka, macho yamezama, na kila asubuhi weupe umerudi mnene kuliko jana. Mimi nilifika mapema kuliko madaktari, nikausugua, nesi akaniuliza kikoje, nikasema kisafi, akaandika kisafi.

Siku ya kumi na tatu daktari akaniita kwenye kimeza chao. "Mama, damu imeotesha fangasi."

Nilikaribia kumcheka. Fangasi kwangu ilikuwa mapunye ya wanafunzi na vidole vya miguu vinavyowasha, kitu cha kupaka dawa ya tyubu. Akanieleza taratibu. Alisema fangasi hao tunao sote, mdomoni, tumboni, kwenye ngozi, nao hukaa kimya kwa sababu kuna bakteria wanaowabana. Mgonjwa wa mahututi akipewa dawa kali siku nyingi, bakteria wanafyekwa na fangasi wanabaki na shamba lote. Wakipata njia, tumbo lililotoboka au mpira ulioingia kwenye mshipa, wanaingia kwenye damu, na wakishafika kwenye damu wanakwenda popote: macho, figo, moyo. "Ni hatari sana, mama. Leo tunauondoa ule mpira wa shingoni na kuanza dawa yake. Ila tumechelewa kuliko tulivyopenda."

Nikamuuliza, "Kwa hiyo ni ule ugonjwa?"

"Ugonjwa gani, mama?"

Nikashindwa kuutaja. Mwalimu wa Kiswahili wa miaka thelathini na mbili, nikakosa neno. Akanitazama, akaelewa, akavuta faili na kupekua karatasi za nyuma. "Tulimpima siku ile ile ya upasuaji. Hana virusi. Hakuna aliyekuambia?"

Hakuna aliyeniambia, na mimi sikuuliza. Siku zote zile jibu lilikuwa limelala kwenye faili, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu cha plastiki, na mimi nikaogopa kuuliza kwa sababu nilikuwa nimeshajijibu. Mume wangu hakuwa na chochote. Alikuwa na mgongo mbovu na vidonge. Miaka ishirini nilimshtaki, na wiki ile nikamhukumu na kumwadhibu kwa kidole changu, kumbe hana kosa.

Daktari akaendelea kupekua. "Kinachonishangaza," akasema, "mara nyingi tunaanza kuona utando mweupe kinywani. Utando peke yake hauthibitishi kitu, lakini pamoja na homa ungetufanya tufikirie fangasi mapema, hata dawa tungeianza bila kusubiri maabara. Huyu naona wameandika kisafi kila siku. Wewe hukuona kitu, mama?"

Hapo mlango wa kukiri ulikuwa wazi. Sijui nilikuwa namlinda nani tena. "Sikuona, daktari," nikasema.

Dawa haikuwepo stoo ya hospitali, ikatafutwa maduka ya mjini, ikapatikana kesho yake mchana. Alipata dozi mbili. Siku ya kumi na tano, adhuhuri ikiadhiniwa, mume wangu akafa. Tulipokwenda kumchukua mwili kumpeleka Kondoa kuzikwa, yule nesi mpole akatufuata mpaka kwenye gari, akamshika wifi mikono na kulia. "Shikamoo mama, poleni sana. Katika kazi yangu sijaona mke anayetunza kinywa cha mgonjwa kama huyu mama. Kilikuwa kisafi mpaka siku ya mwisho." Wifi akageuka akanitazama. Ndipo sifa yangu ilipoanzia.

Darasa la tano nilikuwa na kawaida ya kusema nusu ya methali, watoto wanamalizia. Mficha maradhi, nasema mimi. Kifo humuumbua, wanaitikia wote, na wa nyuma wanapiga na madawati. Niliifundisha kwa miaka yote hiyo nikiamini. Kwangu kifo kilikosea njia. Hakikuniumbua, kilinipamba, na kila harusi kinaongezewa vigelegele.

Mwaka huu nikashindwa kuvumilia. Ilikuwa siku moja baada ya harusi ya binti wa shemeji yangu, wageni wameondoka, mimi na wifi tumekaa uani kwake Kondoa tunasugua masufuria. Nikamwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, kuanzia siku ya saba. Nilimwambia nikimtazama usoni, nikitegemea anipige na sufuria, na ningemshukuru.

Hakuacha kusugua. "Niliuona," akasema.

"Uliona nini, wifi?"

"Ule weupe. Siku ile niliyomsalimia mara mbili. Ulikuwa umebaki kidogo shavuni kwa ndani, hapa." Akajigusa shavu kwa mkono wenye majivu. "Nikaona na damu kwenye ulimi, nikajua unamfuta. Nilitoka pale namshukuru Mungu kwamba kaka yangu ameoa mwanamke mwenye akili."

"Ukanyamaza?"

"Kwani wewe ulisema?"

Nikamwambia kwamba hakuwa na ugonjwa ule, kwamba karatasi ilikuwepo kwenye faili tangu siku ya kwanza, kwamba ulikuwa fangasi tu na una dawa yake. Nilikuwa napaza sauti. Akanisubiri nimalize.

"Sasa wifi yangu," akasema, "hapa Kondoa nani angekuja kusoma karatasi? Watu wanasoma ulimi. Amekufa na jina lake, watoto wake wameolewa na kuoa kwa heshima. Ulifanya vizuri. Na yeye mwenyewe angetaka hivyo hivyo." Akasuuza sufuria, akaligeuza chini kwenye jua, akavuta lingine.

Kuna jambo moja ambalo hata yeye sikumwambia, na sijamwambia mtu yeyote.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kumi, homa imeshaanza. Nilikuwa nimechelewa, nimemfuta upande mmoja tu, madaktari wakaingia. Walisimama miguuni pa kitanda wanasoma karatasi zao. Mume wangu akashusha kile kifuniko cha hewa kwa mkono wake uliokuwa hauna nguvu hata ya kushika kijiko. Akamtazama daktari. Akafungua kinywa, akakipanua kwa uwezo wake wote, na akanyanyua kidole akakielekeza ndani.

Daktari akainua macho kutoka kwenye karatasi. Mimi nikasimama katikati yao nikamrudishia kifuniko. "Anataka maji, daktari," nikasema. "Ana kiu tu."

"Maji bado, mzee, vumilia kidogo," daktari akamwambia kwa upole, wakahamia kitanda cha pili. Mume wangu alinitazama. Kuanzia siku ile nikimletea kitambaa alikuwa anafungua kinywa mwenyewe, bila kugeuza uso, na mimi namfuta.